Saa Moja na Milunka

Dakika ya tisa maneno yaliwaishia. Spasoje, aliyekuwa Pljevlja huko milimani, na mwenzake aliyekuwa mji wa Bar, pwani, walikwisha kuzungumzia mvua, mpira na mke wa mkurugenzi. Halafu kimya. Mashine ya kila upande iliwekwa ikate simu mtu wake akinyamaza dakika nzima. Ikakata.

Hilo lilikuwa jaribio la pili. La kwanza lilikatika lenyewe dakika ya nne, hakuna aliyejua kwa nini.

Kazi yenyewe ukiieleza ni fupi. Kampuni mbili za simu, moja ya milimani na moja ya pwani, zilitaka sauti ya mtu ipite kwa intaneti kutoka mtandao huu hadi ule, nyaya za zamani zipumzike. Wakubwa wa Podgorica, mji mkuu, walitoa masharti: watu wawili waongee saa nzima, simu isikatike, mwisho kila mmoja atoe alama za usikivu, moja hadi tano. Majaribio matatu tu. Likianguka la tatu, kazi wanapewa wengine, na Spasoje anarudi kupanda nguzo, na miaka yake hamsini na moja na goti bovu.

"Saa nzima!" alisema. "Hata siku ya harusi yangu sikuongea saa nzima."

Slavojka, mama aliyekuwa akiwapikia kahawa pale ofisini, aliweka kikombe mezani. "Nipe mimi hiyo simu, mwanangu."

"Utaongea na nani, shangazi?"

"Nchi hii kuna mtu mmoja tu anayeniweza kwa mdomo. Dada yangu, Milunka. Yuko Bar, ana simu ya haohao wa pwani."

"Basi tumepona! Mpigie ajiandae."

"Hatujasemezana miaka tisa."

Spasoje akakirudisha kikombe mezani kabla hakijafika mdomoni. "Kisa?"

"Sufuria ya mama, ya kupikia rakija, ile pombe kali ya matunda. Yeye anadai aliachiwa yeye. Na kila nikianza kumweleza ilivyokuwa, ananidakia. Tangu nizaliwe sijamaliza sentensi mbele ya mwanamke yule."

Mwenzake wa Bar alitumwa kwa Milunka. Akarudi na jibu: atakuja, mradi huyo mdogo wake asimdakie maneno.

Spasoje alishinda siku mbili akirekebisha mitambo. Akaongeza na kitu kimoja alichojivunia sana: mvumo mdogo wa bandia sikioni, kama wa simu za zamani. Hizi za intaneti mtu akivuta pumzi tu unasikia kimya cha kaburi, na watu wa Pljevlja wakisikia kimya huigonga simu mezani.

Asubuhi ya jaribio Slavojka alikuja amevaa sweta la kanisani.

"Hakuna kusikiliza," alisema. "Haya mambo ya ukoo."

"Sisikilizi, shangazi. Nitakaa nje ya kioo, naangalia saa na taa ya kijani, basi. Nikisikia tu simu imeshika, natoka."

Simu ikaita Bar. Ikapokewa.

"Milunka? Mimi hapa. Nasema kwanza, na usinidakie!"

"Nani anakudakia, wewe kasuku?" Sauti ilijaa chumbani, kali, safi, kama mtu yuko jikoni. "Miaka tisa unajifanya bubu, leo..."

Slavojka akazima spika, akaweka simu sikioni, akamwonyesha Spasoje mlango.

Nyuma ya kioo Spasoje aliona mkono ukikatakata hewa. Dakika ya ishirini Slavojka alikuwa amesimama. Dakika ya thelathini na tano alikuwa akifuta macho kwa mkono wa sweta, mdomo bado unakwenda. Taa ya kijani haikutikisika.

Ujumbe ukaingia kutoka Bar: "Wangu analia."

"Wangu pia," Spasoje akajibu. "Hajanyamaza hata kunywa maji."

"Wangu hata kumeza mate hamezi."

Dakika ya hamsini Slavojka alikuwa akicheka, akipiga paja. Ilipofika sitini Spasoje akabusu kioo.

Slavojka alitoka macho mekundu, uso umenyooka kama wa msichana.

"Vipi, shangazi?"

"Mwanangu, nina miaka sitini na tatu. Leo ndiyo mara ya kwanza dada yangu kanisikiliza. Nimemaliza yote, tangu sufuria mpaka mazishi ya mama. Nikamwambia, nakuletea sufuria leo hii, tupike pamoja. Hakubisha! Milunka, asibishe!"

"Na alama?"

"Una sita?"

Aliandika tano. Kutoka Bar nako ikaja tano. "Anasema mdogo wake amekua," mwenzake aliandika. "Kamsikiliza kwa adabu saa nzima. Kamwalika, na huyo wa kwenu hakutia neno. Amekimbia nyumbani kuoka pai."

Saa sita mchana Slavojka alipita mbele ya dirisha kuelekea kituo cha basi, sufuria ya shaba imefungwa blanketi, ameibeba kifuani kama mtoto. Akapunga mkono. Spasoje naye akapunga, akatia sahihi fomu, akapiga muhuri. Kilibaki kitu kimoja cha kubandika kabla ya kuituma Podgorica, kumbukumbu ya simu kutoka kwenye mashine. Akabonyeza, karatasi ikatoka taratibu.

Muda wa simu: dakika sitini, sekunde mbili.

Sauti iliyofika Bar kutoka Pljevlja: sekunde kumi na nne.

Sauti iliyofika Pljevlja kutoka Bar: sekunde kumi na nne.