Kwenye Dirisha la Duka

Msimu wote wa joto Tunu alisimama kwenye dirisha la duka la nguo, katikati ya sanamu mbili za plastiki, kila siku na gauni jipya. Mitindo aliipenda kuliko chakula. Ndiyo iliyomleta mji mkubwa. Mwenye duka alimpa sharti moja tu: asitikisike, hata mteja akimgusa. Mwanzoni miguu ilimwaka moto. Siku hizi hakuhisi kitu, si miguu, si jasho, wala gauni lenyewe.

Adhuhuri moja akaingia Bi Sikudhani, shangazi yake aliyemlea, akitafuta nguo ya harusi. Nyumbani waliamini Tunu anasomea ushonaji.

Bi Sikudhani akapapasa upindo wa gauni. "Hili bei gani?"

"Hariri hiyo, mama. Tutaelewana," mwenye duka akajibu.

Tangu ajue kusema, Tunu hakuwahi kumwona shangazi yake asimwamkie. Shikamoo ikampanda hadi kooni, ikakaa hapo hapo. Akakodolea macho ukuta wa ng'ambo, akangoja aibu imshike. Haikuja.

Bi Sikudhani akainua uso, akamtazama Tunu. Kisha akashika ncha ya mtandio wake, akampangusa jasho kwenye paji la uso, taratibu, kama alivyokuwa akimpangusa kamasi utotoni.

"Mama, tafadhali usiiguse sanamu," mwenye duka akasema.

Bi Sikudhani aliilaza vizuri kola ya gauni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akatoka nje juani.