Chumba Kisicho na Wanaume

Mwanamume alipoingia, vilemba vilirudi vichwani haraka.

Muda mfupi kabla, wanawake wote walikuwa wamekaa vichwa wazi, wakitaniana nani ana kipara kizuri, na mmoja alikuwa ameshusha blauzi kuwaonyesha wenzake jinsi kidonda kilivyofunga. Sasa kila mtu alijifunika. Hakuna aliyecheka tena.

Kwenye benchi la mbele, karibu na mlango wa daktari, fundi cherehani waliyemwita Kamanda aliweka sindano chini. Alikuwa akiwashonea wenzake matiti ya kitambaa: pamba juu, mtama mkavu ndani ili yawe na uzito na sidiria isipande upande mmoja. Hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa wao. Lakini chumba hiki cha wagonjwa wa saratani ya matiti kilikuwa na sheria moja, na yeye ndiye aliyeitunga: waume husubiri uani.

Mwanamume huyu alivuka chumba bila salamu, akakaa. Alikuwa mpana wa mabega, vidole vyeusi kwa oili ya magari, koti zito limefungwa mpaka shingoni, mikono ameikunja kifuani. Mkewe, binti mwembamba, macho yamevimba kwa kulia, alibaki amesimama na mkoba mkononi.

"Shemeji," Kamanda alisema, "umekaa wewe, mkeo kasimama?"

"Ana miguu."

"Heee!" mwanamke mwenye kilemba cha kijani aliguna. "Leo tumeletewa jogoo."

Kamanda alimgeukia mke. "Mara ya kwanza kuja hapa, mdogo wangu?"

"Ndiyo, dada." Alimtazama mumewe kwanza, kisha akaendelea kwa sauti ndogo. "Tumechelewa sana. Uvimbe ulianza mdogo kama punje ya mahindi. Yeye akasema ni jipu, litaisha lenyewe. Kila nikitaja hospitali, nyumba haikaliki. Mpaka ulipoanza kutoa maji."

"Funga mdomo," mwanamume alisema. "Unamtangazia kila mtu?"

Damu ilimchemka Kamanda. Watu wa namna hii aliwajua. Mume wake naye alimwambia vivyo hivyo, subiri, litaisha. Na alipokatwa titi, bwana akahamisha nguo zake kabla hata nyuzi hazijatolewa. Hakuacha hata kandambili iliyokatika. Kamanda alikuwa ameapa kwamba mwanamke mwingine hatateswa hivyo mbele ya macho yake, walau si ndani ya kuta hizi.

Akasimama. "Toka."

"Unasema na nani?"

"Na wewe. Humu watu wanavua nguo, wanalia, wanacheka. Hatuwezi kufanya hayo huku umetununia kama mwenye jengo. Wenzako wako uani, kawafuate."

"Sitoki." Mwanamume alizidi kukaza mikono kifuani. "Nina haki ya kukaa hapa."

"Haki!" Wa kilemba cha kijani alipiga makofi. "Haki ya nini, baba? Na wewe una titi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kicheko kibaya, kile cha watu walioonewa siku nyingi na leo wamempata wa kumrudishia. Hata bibi wa pembeni, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mwanamume alisimama, mishipa imemtoka shingoni. Mkewe akamdaka mkono.

"Dada, nakuomba," alimwambia Kamanda, "mwache akae. Nimembembeleza mpaka nimekonda. Akitoka leo, harudi tena."

Maneno hayo yalimchoma Kamanda. Aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, kwa mama mkwe wake, amepiga magoti jikoni. Akamshika yule binti bega.

"Asiporudi, mdogo wangu, utakuwa umepungukiwa na nini? Niangalie mimi. Si nipo?"

Mwanamume alijinasua. "Si nilikwambia?" alimwambia mkewe, na sauti yake sasa ilikuwa imekauka. "Nilikwambia itakuwa hivi."

Mlango ukabamizwa.

Mtu alipiga kigelegele. Vilemba vikashuka tena, blauzi iliyofungwa ikafunguliwa, na wa kilemba cha kijani akaanza kuigiza jinsi jogoo alivyotembea. Kamanda aliwasogeza wenzake, akapangusa nafasi kwenye benchi ubavuni pake. Siku nyingi hakuwa amejisikia mwepesi namna hii. Kwa jicho la fundi alikuwa ameshaanza kumpima binti kifua, akikadiria kitambaa.

Binti hakukaa. Alikuwa amesimama dirishani. Uani pikipiki iliwaka, ikayumba kidogo, ikatoka getini.

Nesi alifungua mlango wa daktari. "Mgonjwa mpya, karibu ndani."

"Nenda, mdogo wangu," Kamanda alimwambia kwa upole. "Usiogope. Tuko nawe."

Binti hakugeuka.

"Mimi nilikuwa namsindikiza tu," alisema.