Kipimo cha Kidole

Sufuria yangu mpya ya pombe inajiwasha, inajizima na kujikoroga yenyewe. Ilibaki kuipa tu namba ya joto la kutilia kimea.

“Mimi namba sizijui, mwanangu,” Mama alisema. “Nawajua ninyi.”

Akachovya kidole kwenye uji uliokuwa ukipoa, kama zamani, akaanza kutaja majina yetu, kuanzia kifungua mimba. Kidole kikivumilia mpaka jina langu, kitinda mimba, joto limefika. Utotoni nilikuwa nakuja mbio, nikidhani naitwa.

Leo, kwa ajili ya mashine, nilihesabu.

“Hapo!” Mama alisema, akichomoa kidole.

Kioo cha sufuria kilionyesha nyuzi arobaini na nane.

“Mama, tuko watano. Umetaja sita.”

Alikipuliza kidole kilichoiva nchani.

“Nikimruka niliyemzika,” alisema, “kimea kinaungua.”