Milango Kumi na Miwili

"Mlango tena?"

Nilichoka kabisa. Tumejitolea, tumebeba ndoo za rangi kutoka Rasbura hadi hapa shuleni, tukawaambia wasichana wachore ukutani kitu wanachokitamani. Nilitarajia pweza, mikorosho, hata ndege. Wote kumi na wawili wamechora milango, tena iliyofungwa komeo!

"Devota, komeo linakaa ndani. Sisi tuko nje. Sasa unachora nini?"

"Mlango, dada," alijibu bila kugeuka. Ulimi ulikuwa umemtoka pembeni ya mdomo, na brashi yake ilipita juu ya komeo taratibu, kama anayepaka dawa kidonda.

Nikasonya, nikatupa brashi yangu, nikaenda chooni kabla sijamfokea mtoto wa watu.

Mlangoni palining'inia gunia la korosho tu. Nilichuchumaa, mkono mmoja umelishika lisipeperuke, mwingine umeshika gauni. Upepo ukalivuta, likaniponyoka. Hapo hapo nikasikia mtu anakuja mbio.

"Kuna mtu!" nilipiga kelele.

"Najua, dada." Ilikuwa sauti ya Devota, na gunia likatulia. "Wewe maliza tu. Nimekushikia."