Silinda ya Tatu

Tangu mashine zipewe sauti, iliyokiri kuumwa ilichukuliwa siku hiyohiyo kwenda kuyeyushwa. Ndiyo maana gari la Nyamizi, ingawa kilima cha kwao kililishinda, lilishikilia neno moja: "Mimi mzima, mama."

Nyamizi hakubishana nalo. Alifungua boneti, injini ikiunguruma, akawa anachomoa waya wa plagi mmojammoja na kuurudishia. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba tena. Wa tatu, haikushtuka hata kidogo.

"Silinda hii ndiyo mvivu; hata ikikatiwa moto, injini haioni tofauti," akamwambia mumewe, Mihayo.

Plagi mpya ikaingia, gari likakipanda kilima kama halikijui, Mihayo akipiga honi mpaka majirani wakatoka nje kushangilia.

Walipoingia jikoni, friji likasema bila kuulizwa, "Mimi mzima, mama."

Nyamizi akanusa maziwa. Yalikuwa yamechacha.