Mnyororo Umenyamaza

Shemeji yake Benta alisugua mnyororo wa baiskeli ya marehemu kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, akautia oili ya cherehani, kisha akazungusha pedali kwa mkono.

"Sikiza, Shem. Haipigi kelele tena."

Benta alisikiza. Gurudumu la nyuma lilizunguka kimya. Kila jioni marehemu mumewe alipokuwa akirudi na samaki kutoka Karungu, mnyororo huo ulisikika ukilia tangu kule kwenye miwa, naye alibandika maji ya ugali.

"Asante," alisema.

Shemeji alipoingia ndani kunywa chai, Benta aliinama kaburini kando ya nyumba, akachota udongo ambao ulikuwa haujakauka. Akaupaka mnyororo, pingili baada ya pingili, akazungusha pedali.

Ulipoanza kulia, akaenda kubandika maji.