Chungu cha Ijumaa

Siku hizo kila chungu kilinusa pumzi za waliokaa jamvini, kikapika kwa kufuata tumbo lililo dhaifu kuliko yote. Ijumaa hiyo pilau ya Bi Shemsa ilitoka laini kama uji, haina pilipili wala bizari.

"Nani mgonjwa humu?" aliuliza Bi Shemsa.

Mkwewe Mwanakheri, aliyeolewa mwezi uliopita, aliinamisha uso. Utumbo wake ulikuwa ukivimba na kutoa damu tangu chuoni. Dawa alizificha katika kopo la hina. Hata mumewe hakujua.

"Ni wewe, Hamadi!" Bi Shemsa alimgeukia mumewe. "Achari kutwa kucha, kama mwenye mimba!"

Mzee alicheka kidogo. "Basi huenda ni mimi."

Mwanakheri alitaka kusema. Akatafuna.

Wiki nzima mzee alinyimwa achari na kahawa, asinung'unike. Ijumaa iliyofuata alipelekwa chumbani na bakuli lake la uji, ili wenzake wale vizuri.

Bi Shemsa alifunua chungu. Mvuke ulipanda bila harufu ya bizari, naye akaanza kuwatazama, mmoja mmoja.